Walinakili mashine, wakamwacha fundi

Kati ya mguu mmoja na mwingine wa chipu ya Kimarekani pana milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Wahandisi wa Kisovieti walipoziiga chipu hizo, nchi yao ilikuwa haipimi kwa inchi. Wakaipunguza ile namba ikawa milimita 2.5 kamili. Tofauti ni milimita 0.04, nyembamba kuliko unywele. Kwa chipu ndogo yenye miguu 14, saba kila upande, huoni taabu: unaibonyeza kwa kidole gumba, inaingia. Chukua sasa yenye miguu 40, ishirini kila upande. Ile tofauti inajirudia mara kumi na tisa na kufika milimita 0.76. Mguu wa kwanza umekaa kwenye tundu lake, wa mwisho umepanda ukingoni. Ndani ya chipu hesabu ni zilezile na majibu ni yaleyale. Ila haiingii.

Nimeanza na miguu ya chipu kwa makusudi. Mkasa wa kompyuta za Kisovieti husimuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza utaisikia kwa Wamarekani: Warusi waliiba kompyuta ya IBM, kampuni kubwa ya Kimarekani, na hata kuiba kwenyewe hawakuweza. Ya pili utaisikia kwa Warusi wenyewe, hasa wazee waliofanya kazi kwenye taasisi za Moscow na Kiev: tulikuwa na magwiji wetu, wakubwa wakatulazimisha kuiga, wakatuzika. Mpenda methali atamalizia hapohapo kwamba anayemuiga tembo kunya hupasuka msamba. Namna zote mbili, pamoja na methali yenyewe, zinakubaliana kwamba ugonjwa ulikuwa kuiga. Mimi sikubali. Kuiga ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu waliokuwa na shida ya kweli. Walipokosea ni kwenye jambo ambalo halikuandikwa katika mwongozo wowote wa IBM, kwa sababu Mmarekani mwenyewe aliliona la kawaida mno hata asihangaike kuliandika.

Kwanza tuwape magwiji haki yao. Sergei Lebedev aliunda kompyuta yake ya kwanza, MESM, katika jengo la zamani la monasteri huko Feofaniya, nje kidogo ya Kiev, mji ambao vita vilikuwa vimeusaga miaka michache tu nyuma. Ilikuwa na valvu kama 6,000, na ilianza kufanya kazi kati ya mwaka 1950 na 1951. Huyohuyo Lebedev baadaye, akiwa Moscow, alisanifu BESM-6, mashine ya transista 60,000 hivi iliyofikia operesheni milioni moja kwa sekunde. Ilianza kuzalishwa mwaka 1968 na ikaendelea mpaka 1987, zikatoka 355. Mashine inayodumu kiwandani karibu miaka ishirini haikutengenezwa na watu wa kubahatisha. Chuo Kikuu cha Moscow nacho kilikuwa na Nikolay Brusentsov, aliyeunda Setun mwaka 1958, kompyuta iliyohesabu kwa aina tatu za tarakimu badala ya mbili za kawaida, 0 na 1. Vipaji vilikuwapo, tena vya kumwaga.

Shida ilikuwa kwamba kila kipaji kilikuwa na lugha yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya BESM haikuweza kuendeshwa kwenye kompyuta zilizoitwa Minsk. Ya Minsk haikuingia kwenye Ural, ambazo Bashir Rameev alikuwa akizisanifu Penza. Taasisi ikibadilisha mashine, watu walikaa chini kuandika upya kila kitu, kuanzia mishahara hadi hesabu za madaraja. Huko nyuma jambo hilo halikuonekana baya, maana kompyuta zilikuwa chache na waliozitumia walikuwa wanahisabati ambao kuandika upya kwao ni starehe. Lakini mipango ya serikali ilikuwa imekwenda mbali zaidi: viwanda, reli, maghala, benki, vyote vihesabiwe na mashine. Huwezi kuendesha reli kwa mashine ambazo hazisikilizani.

Na hapo ndipo IBM ilipotokea na jibu. Tarehe 7 Aprili 1964 ilitangaza System/360, familia nzima ya kompyuta, ndogo kwa kubwa, zote zikielewa amri zilezile. Namba 360 ilikuwa nyuzi za duara: mashine ya kila kazi, kutoka kila upande. Mteja angeanza na ndogo, biashara ikikua akachukua kubwa, na programu zake akahama nazo kama mtu anayehama nyumba na vyombo vyake. Wazo hilo liliigharimu IBM dola kama bilioni 5, pesa ambazo zingeweza kuizamisha kampuni. Leo tunaliona jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa geni hata kwa IBM yenyewe, ambayo mashine zake za nyuma nazo zilikuwa hazisikilizani.

Kwa hiyo mtu wa Moscow aliyeitazama System/360 hakuona tu mashine ya kutamani. Aliona mlima wa programu zilizokwisha kuandikwa na kusahihishwa kwa jasho la watu wengine. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukitengeneza mashine inayoelewa amri za IBM neno kwa neno, mlima wote unakuwa wako.

Tena mlima wenyewe haukuwa umefungiwa kama watu wanavyodhani. Mpaka Juni 1969, IBM haikuwa ikiuza programu kando. Zilikuja na mashine, pamoja na msimbo wake, kama chumvi inavyokuja na chakula. Mfumo endeshi wa OS/360 haukuwekewa hakimiliki, na mpaka leo wapenzi wa mashine za kale wanauendesha kwenye kompyuta zao za mezani bila kumlipa mtu. Kitabu kilichoeleza kila amri ya mashine, nini kinaingia na nini kinatoka, kilichapishwa na kusambazwa kwa wateja dunia nzima. Umoja wa Kisovieti ulijiunga na mkataba wa kimataifa wa hakimiliki mwaka 1973 tu. Anayetaka kuita jambo hili wizi na aliite; mimi naona neno hilo linaficha mengi kuliko linavyofunua.

Mjadala ulikuwa mkali. Mwishoni mwa 1967 serikali ilitoa azimio la kukuza kompyuta, na miaka miwili iliyofuata ikaishia kwenye malumbano: tuige nani? Kulikuwa na njia ya pili iliyopendwa na Lebedev na Rameev, ya kushirikiana na kampuni ya Uingereza ya ICL. Waingereza walikuwa tayari kukaa meza moja, kufundisha, kubadilishana wahandisi. Hoja ya upande huo ilikuwa nzito: mashine ya IBM imetangazwa 1964, sisi tutaimaliza lini, na siku hiyo IBM mwenyewe atakuwa wapi?

Kuna kichekesho humo ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Mashine ya ICL iliyokuwa mezani, System 4, ilitokana na Spectra 70 ya kampuni ya RCA ya Marekani, na Spectra 70 yenyewe ilikuwa imeiga amri za System/360. Kwa hiyo ugomvi haukuwa kati ya kuiga na kubuni. Ulikuwa kati ya kuiga peke yako gizani, na kuiga ukiwa umeshikwa mkono na mtu aliyekwisha kuiga.

(Msomaji wa Dar es Salaam ana sababu ya kulijua jina hilo. Kampuni ya ICT, iliyokuja kuwa sehemu ya ICL mwaka 1968, ndiyo iliyotengeneza kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliyowekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache, mfumo wa hesabu za serikali ukayumba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Nchi nyingine walizuiwa kununua; sisi tulijizuia wenyewe. Hiyo ina makala yake.)

Desemba 1969 mambo yakaamuliwa: ni IBM. Bulgaria, Hungaria, Ujerumani Mashariki, Poland, Chekoslovakia na Umoja wa Kisovieti zilitia saini kutengeneza kwa pamoja familia iliyoitwa ES, au kwa jina la nyumbani Ryad, maana yake safu. Rameev aliandika barua ya kujiuzulu. Lebedev alirudi kwenye mashine zake na akafariki 1974.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, kunakili. Ukilisikia unapata picha ya watu wamefungua sanduku la IBM, wamelala chini na tochi, wanachora waya baada ya waya. Haikuwa hivyo, na isingewezekana. System/360 ilijengwa kwa vijibamba vya kauri ambavyo IBM ilivitengeneza kwenye kiwanda chake yenyewe kwa mitambo yake yenyewe. Umoja wa Kisovieti haukuwa na kiwanda cha namna hiyo. Wasanifu wa Minsk na Yerevan walichukua kile kitabu cha amri, wakakaa, wakabuni upya kila saketi kwa vifaa walivyokuwa navyo, hasa chipu za mfululizo wa 155, ambazo nazo ziliiga chipu za kampuni ya Kimarekani ya Texas Instruments. Hizo ndizo zile za milimita 2.5. Ni sawa na kupewa sheria za bao bila kuoneshwa ubao, ukachonga wako kwa mti ulioko shambani kwako. Ukimaliza, kete zinatembea vilevile, lakini huwezi kusema umenakili ubao.

Hata herufi zilidai kazi. IBM ilikuwa na namna yake ya kuzipa herufi namba, na humo hamkuwa na nafasi ya alfabeti ya Kirusi. Ikabidi ibuniwe nyingine, DKOI, iliyozipachika herufi za Kirusi kwenye mapengo yaliyoachwa na Wamarekani. Mapengo hayakukaa kwa mpangilio, basi na alfabeti ikatawanyika.

Kazi iligawanywa kwa nchi. ES-1020, ndogo ya kuanzia, ilisanifiwa Minsk. Wabulgaria walichukua diski, na kiwanda chao cha Stara Zagora kikawa jina linalojulikana kambi nzima. Wajerumani Mashariki wa Robotron, ambao walishaanza kuifuata IBM hata kabla ya mkataba, walileta ES-1040. Wahungaria ndio walionichekesha zaidi. Mashine yao, ES-1010, ilivaa namba ya familia na kupakwa rangi ya familia, lakini ndani ilikuwa kompyuta ndogo ya Kifaransa iliyopatikana kwa leseni halali kutoka kampuni ya CII. Mtoto wa jirani amevalishwa sare ya shule, anasimama mstarini na wenzake.

Huku nyuma kulikuwa na mkono mwingine, vikwazo vya nchi za Magharibi. Kamati iliyovisimamia iliitwa CoCom, ilianza kazi mapema katika Vita Baridi, na makao yake yalikuwa Paris, katika jengo la pembeni la ubalozi wa Marekani. Nchi za NATO isipokuwa Iceland, pamoja na Japani, zilikaa humo kuamua ni kipi kisiuzwe upande wa pili. Kila mwanachama angeweza kusema hapana. Kompyuta zilikuwamo kwenye orodha, kwa kipimo cha kasi, na kasi inayoruhusiwa ilipandishwa kila mara teknolojia ilipozeeka. Kwa maneno mengine, CoCom haikukusudia kumnyima mtu kompyuta milele. Ilikusudia ampate bibi harusi akiwa ameshazeeka.

Ukuta wenyewe ulikuwa na milango. Mwaka 1972 kituo cha utafiti wa nyuklia cha Dubna kilipata kompyuta ya kampuni ya Kimarekani ya Control Data kwa kibali halali. Kiwanda cha malori cha mto Kama kilipata IBM 370. Kisha siasa zikibadilika, mlango unafungwa: mwaka 1978 Rais Carter alizuia mashine ya Univac iliyokuwa iende kwa shirika la habari la TASS, baada ya wapinzani wa serikali kufungwa Moscow. Mnunuzi wa Kisovieti hakuwahi kujua kama spea alizoahidiwa zitafika. Kununua kwa halali kulikuwa kamari.

Kulikuwa na mlango wa tatu, wa usiku. Novemba 1983, forodha ya Hamburg ilishikilia makontena yenye sehemu za kompyuta ya VAX, na mengine yakakamatwa Helsingborg, Sweden. Mzigo ulikuwa umetoka Marekani ukapitia Afrika Kusini, nchi ya makaburu iliyojitangaza adui mkubwa wa ukomunisti kuliko wote. Biashara haina baba wala mama. Wasanifu wa DEC, watengenezaji wa VAX, walijua vizuri chipu zao zinakoishia. Ndani ya chipu yao ya CVAX walichora maandishi madogo yasiyoonekana bila darubini, kwa Kirusi kibovu cha kutafuta kwenye kamusi, wakimwambia yule atakayeifungua kwamba VAX ni ya mtu anayejali kiasi cha kuiba kilicho bora kabisa. Walikuwa wamepindua tangazo la kadi za salamu. Naipenda hadithi hii, lakini ina kiburi kinachodanganya: inakufanya udhani kilichokuwa kigumu ni kuipata chipu.

Mwaka 1972 ES-1020 zilianza kutoka. Kasi yake ilikuwa karibu operesheni 20,000 kwa sekunde. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, IBM ilitangaza kwamba familia yake mpya, System/370, sasa ina hila ya kuifanya mashine ione kumbukumbu kubwa kuliko iliyonayo kweli. Lebedev na wenzake walikuwa sahihi kuhusu kalenda: anayeiga anafuata saa ya mwenzake. Wasovieti walipoifikia 370 kwa safu ya pili ya ES, miaka ya 1970 ilikuwa inaishia. Edsger Dijkstra, mwanahisabati Mholanzi ambaye hakuwa na simile, aliuona uamuzi wa kuinakili 360 kuwa ushindi mkubwa kuliko wote ambao Marekani iliupata katika Vita Baridi.

Maneno ya Dijkstra yanapendwa sana kwa sababu yana makali. Lakini yeye aliichukia 360 yenyewe, ya Wamarekani. Kwake kuinakili ilikuwa sawa na kunakili maradhi. Ukiyachukua maneno yake kama hukumu dhidi ya kuiga, utapata taabu kumweleza Gene Amdahl.

Amdahl alikuwa msanifu mkuu wa System/360. Mwaka 1970 aliondoka IBM, akafungua kampuni yake huko California, na bidhaa yake ilikuwa nini? Mashine inayoendesha programu za IBM bila kubadili hata nukta. Ya kwanza, 470V/6, ilikwenda NASA mwaka 1975. Ilikuwa na kasi zaidi, na ilipozwa kwa hewa tu, wakati mashine kubwa za IBM zilikuwa zikipozwa kwa maji. Aliyemtia mtaji alikuwa Fujitsu wa Japani, na Fujitsu naye akatengeneza zake za aina hiyohiyo, sawa na Hitachi. Wajapani hawakuwa malaika. Mwaka 1982 wafanyakazi wa Hitachi walinaswa kwenye mtego wa FBI wakinunua siri za IBM, na mwaka uliofuata Hitachi ikakiri kosa mahakamani. Hata hivyo, waliendelea kuuza. Watu watatu wameiga mashine ileile, amri kwa amri. Wawili wametajirika, mmoja amebaki nyuma. Kuiga kwenyewe basi hakuwezi kuwa ndiyo sababu. Na vikwazo peke yake navyo havinitoshi, maana Wajapani walichofichwa na IBM walifichwa kwelikweli, mpaka wakakitafuta kwa kununua siri.

Tofauti yao na Wasovieti ilikuwa kwenye mkataba wa mteja.

System/360 nyingi hazikuuzwa, zilikodishwa. Tangazo la 1964 lilitaja kodi kuanzia dola 2,700 kwa mwezi kwa mashine ya chini, hadi dola 115,000 kwa mfumo mkubwa. Fikiria maana yake. Mashine imekaa kwa mteja lakini ni mali ya IBM. Ikifa Jumatatu, mteja ananuna, na mteja anayenuna mwisho wa mwezi anaweza kusema njooni mchukue sanduku lenu. Kwa sababu hiyo IBM ilikuwa na jeshi la mafundi waliovaa tai, wenye mikoba ya vifaa na spea, na fundi aliporudi kiwandani na malalamiko kwamba kiunganishi fulani kinalegea, kiwanda kilisikiliza, maana kulegea kule kulikuwa kunakula faida. Amdahl na Wajapani hali yao ilikuwa hivyohivyo na mbaya zaidi, kwa vile mteja wao alikuwa na IBM mlangoni akimsubiri arudi.

Hebu sasa twende kwenye mlango wa nyuma wa kituo cha kompyuta cha Kisovieti katikati ya miaka ya 1970. Lori limeshusha makreti. Ndani mna makabati, nyaya, mashine ya kusomea kadi, tepu, na vitabu vya michoro vinavyojaza kabati la peke yake. Dereva amesainiwa karatasi, ameondoka, na kwa kiwanda habari imekwisha: mpango wa robo mwaka umetimia makreti yalipovuka geti. Kama kreti la saba lina bamba lenye saketi mbovu, hilo ni la aliyelipokea. Kituo kinaajiri wahandisi wake chenyewe, kikosi kizima, kukesha na mashine wiki kwa wiki wakiifanya iwake. Ikishawaka, saa kadhaa za kila siku zinakatwa kwa matengenezo ya kinga: kuendesha majaribio, kugongagonga mabamba kutafuta lipi linalegea, kufuta viunganishi kwa spiriti. Spiriti hiyo ilitolewa kwa lita, na hakuna aliyefanya kazi kwenye vituo hivyo atakayekuapia kwamba yote ilifika kwenye viunganishi.

Wahandisi wale walikuwa hodari kupita kiasi, na uhodari wao ndio ulioficha tatizo. Kila kituo kilirekebisha mashine yake kwa namna yake, kikauandika upya mfumo endeshi hapa na pale, na maarifa yakabaki kwenye vichwa vya watu wa zamu. Hayakurudi kwenye viwanda vya Minsk wala Kazan. Kiwanda hakikuwa na sababu ya kuyaulizia. Mteja naye hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa mashine aligawiwa kwa mgao kama unga wakati wa uhaba, na anayegawiwa unga hachagui. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imeliona, ikaunda shirika la huduma. Lakini shirika lile nalo lilipimwa kwa mpango, kama wengine.

Tazama pia kilichotokea kwa ule mlima wa programu, sababu kuu ya kuiga. Ulifika salama. OS/360 iligeuka OS ES, na vitafsiri vyote vya lugha za kuandikia programu vikafuata. Walichogundua ni kwamba programu inaishi kwa masahihisho. IBM ilikuwa ikipokea makosa kutoka kwa maelfu ya wateja na kuwarudishia viraka kila mara. Kambi ya Mashariki ilipata picha ya mfumo wa siku moja, ikaachwa nayo. CoCom ilichangia hapo, sikatai. Huwezi kumpigia IBM simu ukamwambia nakala yako ya wizi ina kosa. Ila hata ndani ya kambi yenyewe, kosa lililopatikana Sofia halikuwa na njia ya uhakika ya kufika Tashkent. Na hiyo haikukatazwa na mtu yeyote Paris.

Haya yamenijia upya kwa sababu ya Wachina. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia bila kibali, na Oktoba 2022 ikabana chipu za kompyuta zenye nguvu pamoja na mitambo ya kuzitengenezea. Agosti 2023 Huawei ikatoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa nyumbani na kampuni ya SMIC, na wachambuzi wakarudia sauti zilezile mbili: wameiba, au wamejikomboa. Mimi nilitazama kitu kidogo zaidi. Simu ile iliwekwa dukani karibu na aifoni, na Mchina aliyeingia dukani alikuwa huru kuipita. Sijui mbio zao zitaishia wapi, lakini hapo hawafanani na Minsk ya 1972.

Mashine za ES zilizotengenezwa kwa jumla zilizidi 15,000. Si kidogo. Ziliendesha viwanda, takwimu za sensa, mishahara ya mamilioni. Halafu mwaka 1991 dola iliyozigawa ikavunjika, na kompyuta ndogo za mezani zikaanza kuingia kutoka Asia kwa masanduku. CoCom yenyewe ilifungwa Machi 1994, ikiwa haina tena wa kumzuia.

Kila kifaa cha Kisovieti kilikuja na kitabu chake, walichokiita pasipoti, na humo mlikuwa na ukurasa ulioorodhesha madini ya thamani yaliyomo ndani: dhahabu gramu kadhaa, fedha gramu kadhaa, paladiamu, platini, mpaka desimali. Ulikuwa ukurasa wa wahasibu, na kwa miaka ishirini hakuna mhandisi aliyekuwa na haja nao. Kwa mara ya kwanza vituo vilikuwa huru kuamua wafanye nini na mashine zao. Wakaufungua ukurasa huo, wakatafuta nyundo na koleo, na mabamba yakaenda kwa wayeyusha dhahabu kwa kilo.